Sekunde Nne

Nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Erdenet imezibwa mdomo kwa moshi wa makaa
na mimi nimekaa mbele ya usukani wa gari la Kijapani,
usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia,
ufunguo mkononi, kama mtu anayebisha hodi
asikotaka kufunguliwa.

Nazungusha.
Tra-ta-ta-ta-ta.
Moja, mbili, tatu, nne.
Kisha ule mngurumo laini nilioulipia.

Mchana kutwa mlio haurudi.
Ukimwita mtu aje asikie, anakuta injini inakoroma kama paka,
naye anaanza kukukagua wewe.

Nafanya kazi kiwanda cha mazulia, zamu ya asubuhi.
Masikio yangu yamelelewa na mitambo:
najua kitana kilicholegea, najua mkanda unaoaga.
Mlio huu niliufahamu nusu.
Ulikuwa wa kitu kinachofuma bila uzi.

Shemeji akasema ni bati la bomba la moshi, akalifunga kwa waya.
Tra-ta-ta-ta-ta.
Jirani akasema plagi. Nikanunua nne.
Tra-ta-ta-ta-ta, sasa na plagi mpya.
Mama akasema: Sarnai, umeuziwa mbuzi kwenye gunia,
na mbuzi mwenyewe anakohoa.

Nikaanza kumchukia Gombosuren aliyeniuzia.
Nilikumbuka boneti ile siku ya mapatano,
blanketi la sufu juu yake, na nilipotia kiganja chini ya sufu,
joto. Joto la mkate.
Alilipasha makusudi, nikamwambia mama.
Mwongo hupika kabla mgeni hajafika.

Ndipo nikalipeleka kwa Dashnyam.
Miaka ishirini na sita ya baruti mgodini
ilimwachia masikio ya kuvalia kofia tu.
Liache nje usiku kucha, akasema. Bila blanketi.

Alfajiri akauma mpini wa bisibisi ndefu,
ncha akaigusisha pale cheni inapojificha,
akafumba macho, akanipungia: washa.
Niliona mlio ukipita kwenye taya lake.
Niliona ndevu zikitetemeka, moja, mbili, tatu, nne,
zikatulia.

Akatema mpini.
CHENI, akasema, kwa sauti ya wasiojisikia.
USIKU OILI YOTE INASHUKA CHINI.
ASUBUHI KIKAZA CHENI HAKINA CHA KUKISUKUMA,
CHENI INAJICHAPA MPAKA OILI IPANDE.
Akafungua filta, akanionyesha ndani
mpira wa kuzuia oili, mgumu kama ukucha wa maiti.
Filta ya bei ya chee.
Rahisi huvunja upishi; huku ilikuwa inavunja injini,
sekunde nne nne.
Nyingine ingefika kesho na basi la Darkhan.
Akairudisha ile ile, akanawa mikono kwa theluji.

Nikampigia Gombosuren, maneno nimeyanoa.
Akanisikiliza hadi mwisho.
Akauliza: mlio gani?

Alikuwa akisambaza mikate.
Saa tano usiku alishuka kuliwasha lisigande,
saa nane akashuka tena, saa kumi na moja akapakia.
Miaka sita, kila majira ya baridi.
Gari lile halikuwahi kulala kwake hadi likapoa.

Nilitafuta pa kuyaweka maneno yangu makali
nikakosa.

Kabla hujabadilisha, akasema, nipigie kesho alfajiri.

Kwa hiyo leo nimeinua boneti,
simu nimeishika juu ya injini kwa glovu mbili,
na Temuulen, mwanangu, miguu haifiki vizuri kwenye pedeli,
ndiye anayezungusha ufunguo.

Tra-ta-ta-ta-ta.

Upande wa pili, mtu anapumua.
Nyuma yake namsikia birika likianza kuchemka.
Kumbe, anasema Gombosuren.

Halafu: washa tena.
Namwambia haiwezekani, limeshapata joto.